Shingo Inauma Nyuma, Daktari Anataka Kunipasua Mbele

Bi Najiat, shikamoo, na kama nimekuzidi umri nisamehe na uipokee hivyo hivyo, mtu mwenye shida haulizi miaka. Ukurasa wako wa ushauri nimeusoma tangu enzi za kesi za wake wenza na mashamba ya urithi, nilikuwa nasoma nacheka, nasema hawa watu wanapata wapi moyo wa kumwaga mambo yao gazetini, na leo zamu yangu imefika na sicheki tena, naomba unisaidie kabla sijaharibikiwa. Naandika kwa simu, kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kwa sababu kalamu hainikai tena mkononi, kwa hiyo ukiona sijaweka nukta ujue siyo dharau.

Mimi nimezaliwa Isevya, Tabora mjini, lakini nimeoa huku Nzega na nyumba yangu iko Puge, na kazi yangu ni kuchinja. Sina bucha wala sina ng'ombe, nina kisu tu. Huku kwetu Waislamu si wengi, majirani zangu ni Wakristo na wengine wanafuata ya wazee wao, ila mtu akiwa na harusi, msiba au kipaimara lazima aite Muislamu amchinjie ili wageni wote wale sahani moja bila kuulizana maswali, na Muislamu huyo ni mimi, kama alivyokuwa marehemu baba mkwe kabla yangu. Nimechinja sherehe za mapadri, nimechinja misiba ya watu ambao hata kuswali hawajui kunaelekea wapi, na nikionekana tu njiani na ala yangu ya kisu akina mama wanaanza kuwasha moto. Heshima yangu yote hapa kijijini iko kwenye mkono wa kulia na kwenye ulimi unaotaja jina la Mwenyezi Mungu, sina kingine.

Sasa maumivu haya yalianza zamani, binti yetu Zabibu alikuwa bado anasoma shule ya msingi na leo ana watoto wake. Yalianza kisogoni, yakashuka begani, yakaingia mkononi mpaka kwenye vidole, asubuhi naamka shingo imekaza siwezi hata kutoa salamu ya mwisho ya swala vizuri, nageuka na mabega yote. Zahanati wakanipima wakasema malaria, nikameza. Nikarudi wakasema taifodi, nikachomwa sindano. Mwingine akasema presha, mwingine akasema vidonda vya tumbo, nikamuuliza daktari tumbo na shingo wapi na wapi, akaniambia gesi inapanda. Nimeambiwa baridi yabisi, nimeumikwa chuku mpaka mgongo ukabaki na madoa, nimechuliwa mafuta niliyoambiwa ni ya simba, nimelala bila mto, nimelala sakafuni, nimelala nimekaa. Kijana mmoja wa saluni Nzega akimaliza kuninyoa alikuwa ananivunja shingo, ile ya kuizungusha ghafla mpaka inalia ka, na ikilia napata nafuu mpaka jioni, basi nikawa nanyoa hata kama nywele hazijaota.

Bi Najiat, kuumwa nilishazoea, kilichokuwa kinaniua ni kuambiwa siumwi. Nilipigwa eksirei ikatoka safi, na yule aliyenisomea akaniambia mzee wewe una mawazo mengi, kapumzike. Nikarudi nyumbani nikaanza kujichunguza ni mawazo gani hayo niliyonayo, nikawa naona aibu hata kuguna mbele ya mke wangu, maana nitamwambia naumwa nini wakati picha inasema siumwi. Mpaka vifungo vya kanzu vikanishinda. Mpaka siku moja nikafika nyumbani na ndala moja, nyingine imebaki njiani na mguu haukuniambia. Mke wangu Mwanajuma akatoka akaifuata, akaja ameishika, akainama akanivalisha mwenyewe.

Kilichonitoa mafichoni ni harusi ya jirani yetu mwaka huu. Ng'ombe alilazwa, akafungwa, nikaelekea kibla, nikataja jina la Mungu nikaanza kukata, na katikati ya kukata mkono ukafa. Sisemi ulichoka, ulikufa, kisu kikaanguka kwenye majani na mimi nikabaki nimenyoosha vidole visivyo na mtu. Yule ng'ombe akanitazama. Mdogo wa mke wangu, Issa, ambaye huwa ananisaidia kushika, aliokota kisu akamalizia, lakini mimi mwenyewe nikasimama nikasema kwa sauti, huyu nina shaka naye, Waislamu wasile. Ng'ombe bora kuliko wote wa mwenye harusi, na nusu ya wageni wakala maharage. Hakuna aliyenilaumu usoni, na hilo ndilo lililoniumiza.

Baada ya hapo Mwanajuma hakunisikiliza tena, akanipandisha basi mpaka Dodoma. Nikaingizwa kwenye ule mtambo unaogonga, picha ikatoka, na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu akatuita. Ni mwanamke, anaitwa Theodora, umri wake kama wa binti yangu. Mwanajuma alikuwa ametoka kutafuta maji ya kunywa, nikaingia peke yangu. Akanionyesha pingili za shingo, akanionyesha ile nyama laini inayokaa kati ya mfupa na mfupa, ya kwangu imechomoka imekandamiza ule mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka katikati, akasema, "Baba, unaumwa kweli, na umeumwa muda mrefu." Nililia mbele ya yule mtoto wa watu. Ningeweza kuishia hapo nikaondoka nimepona, kwa kuaminiwa tu.

Lakini akaendelea. Akasema inatakiwa operesheni, akainua mkono akajigusa hapa mbele, kooni, akasema, "Tunaingilia hapa." Nikafikiri amekosea, nikamwambia daktari maumivu yako nyuma, kisogoni. Akasema ndiyo baba, najua, lakini njia iko mbele, tutapita pembeni ya koo mpaka kwenye mfupa, tutoe kilichochomoka, tuweke kichuma. Akaniambia pia bila kunificha kwamba sauti inaweza kukwama kwa muda, na kwa watu wachache hairudi sawasawa, na kwamba nikikaa hivi hivi miguu itafuata mkono, na siku nikianguka vibaya huenda nisinyanyuke tena.

Bi Najiat, mimi ni mchinjaji. Wewe ukiambiwa kooni unafikiria koo, mimi nikiambiwa kooni naona. Pale mbele kuna vitu vinne, njia ya hewa, njia ya chakula na mishipa miwili ya damu, na kazi yangu tangu ujana ni kuhakikisha vyote vinakatika haraka, kisu kikipita pale hakuna anayeamka. Daktari anasema anapita pembeni, anapita wapi? Nimetazama ndani ya shingo maisha yangu yote sijaona njia. Halafu wanakulaza nusu kaputi, hata huoni, ng'ombe angalau anaona. Na nikiamka sina sauti, nitamtajaje Mungu juu ya mnyama, nitakuwa nani hapa Puge.

Na kuna neno jingine nalibeba. Nina mtani wangu, Bundala, Msukuma wa upande wa Igunga, sisi Wanyamwezi na wao tunataniana hata makaburini. Kabla sijaenda Dodoma tulikuwa mazikoni, akaniona nageuka na mabega kama nilivyozoea, akapaza sauti, "Mnyamwezi, zile shingo ulizokata zimekuja kudai ya kwako, wewe lipa tu yaishe." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini pale daktari alipojigusa koo nilimsikia Bundala masikioni kabisa, na tangu siku hiyo kila nikifumba macho naona wale wanyama wamekaa wananisubiri nilale.

Sasa dhambi yangu ni hii. Mwanajuma aliporudi na maji, nilimpokea nje ya mlango nikamwambia daktari kasema ni dawa tu na kupumzika. Na daktari nilimwambia nitarudi siku aliyonipangia pamoja na mke wangu. Wote wawili nimewadanganya ndani ya saa moja. Mke wangu alifurahi mpaka akapika pilau akaita majirani, ikasomwa dua ya shukurani na mimi nikaitikia amina. Hospitali wananipigia, wanauliza baba unakuja, siku yako ni Alhamisi ya wiki ijayo, mimi nasema niko shambani mtandao unakatika. Na nimeshaongea na mtaalamu mmoja ng'ambo ya Igunga, anasema atazituliza damu za wanyama na atanyoosha shingo kwa kamba, anakufunga kidevuni watu wanavuta mpaka pingili zirudi mahali pake. Nimemwambia naenda Jumatatu. Mwanajuma nimemuaga naenda kutazama mbuzi.

Nishauri mama yangu. Niende kwa daktari nikachinjwe, niende kwa mwenye kamba, au nibaki na maumivu yangu ambayo angalau nayajua? Na mke wangu nimwambie nini wakati pilau limeshaliwa? Naogopa, sijawahi kuogopa namna hii, na hapa sina ninayeweza kumwambia. Jina langu usilitoe.

Mwenye Shingo, Puge

BI NAJIAT ANAJIBU

Marahaba. Nimekuzidi, usihangaike.

Kabla ya pole na kabla ya yote, Jumatatu huendi popote. Unanisikia? Mwenye kamba huyo umpigie simu umwambie umeahirisha, na ukiona aibu kumwambia, usimpigie, kaa tu nyumbani. Daktari amekuonyesha kwenye picha kwamba mshipa mkubwa wa fahamu umebanwa, halafu wewe unataka ukafungwe kidevu, wanaume wavute. Shingo ikiteguka hapo hutarudi na ndala moja, utarudi umebebwa. Na yule kijana wa saluni naye basi. Kuanzia leo kichwa chako hakishikwi na mtu wa kukizungusha, hata kwa nia njema.

Sasa pole. Pole sana, na ninaisema kwa moyo. Kuumwa miaka yote hiyo huku unaambiwa mara gesi mara mawazo ni mateso ambayo mtu hawezi kumsimulia mwenzake akaelewa. Nimesoma pale uliposema ungeondoka umepona kwa kuaminiwa tu, nikaweka simu chini kidogo. Lakini kuaminiwa hakurudishi ile nyama mahali pake, na wewe unajua. Unaogopa, na ungekuwa huogopi ningekuona hujaelewa ulichoambiwa.

Ila kuogopa ni kimoja na kudanganya ni kingine. Mwanajuma ndiye aliyefuata ndala yako njiani. Ndiye aliyekupandisha basi. Yeye hajawahi kukuambia una mawazo, alikuamini kabla ya mtambo, kabla ya daktari, na malipo yake ukamwacha apike pilau la kushukuru kitu ambacho hakijatokea. Halafu unaniuliza mimi umwambie nini. Nitakuambia, lakini ngoja kwanza nimalize na huyo Bundala.

Bundala ni mtani wako. Wewe mtu mzima, umezaliwa Isevya, umekulia kwenye utani, leo unalala macho kwa neno la mtani mazikoni? Kazi yake pale ni kusema lile ambalo mwenye akili hasemi, ili watu wacheke kidogo wapate nguvu ya kufukia. Angekukuta unachechemea angesema miguu ya ng'ombe. Na kama damu za wanyama zingekuwa zinadai, Tabora isingekuwa na mchinjaji mwenye shingo. Wewe umechinja kwa jina la Mungu, kwa kisu kikali, na siku mkono ulipokukatalia ulisimama mbele ya harusi nzima ukasema wasile. Mtu wa namna hiyo hana deni kwa mnyama. Shingo yako imechakaa kwa kuinama na kukaza miaka mingi, na wapo walimu na makarani wasiochinja hata kuku wenye ugonjwa huo huo.

Sasa twende kwenye koo lako, maana hapo ndipo penyewe. Barua yako ilinikaa kifuani. Nilisema huyu bwana haniulizi ushauri wa kutunga, anauliza njia iko wapi, na mimi siijui. Nikampigia mpwa wangu, ni daktari wa upasuaji, nikamwambia nieleze. Akanieleza, sikuelewa. Akaniambia, "Mama mdogo, una bucha karibu?" Nikavaa baibui nikaenda kwa Uwesu anayeuza nyama hapa Isevya, huko huko ulikozaliwa, mtu tunayefahamiana, nikamwambia nipe shingo ya mbuzi ambayo hujaikatakata, na usiniulize. Nikaweka simu kwenye spika juu ya gogo lake, daktari anasema, mimi nafanya, wateja wamesimama wananishangaa.

Akaniambia chini ya pale kilipopita kisu cha kuchinjia, tafuta njia ya hewa, ile ngumu yenye pete pete. Nikaipata. Akasema pembeni yake unasikia mshipa wa damu. Nikausikia. Akasema sasa weka kidole kati ya hiyo njia ya hewa na huo mshipa, usitumie kisu, sukuma polepole, njia isogee huku mshipa usogee kule. Nikasukuma. Baba, kidole kilipita. Hakikukata kitu, hakikuchana kitu, vile vyote vinne vyako vikasogea pembeni, kidole changu kikagota kwenye mfupa. Nilishtuka mpaka nikakitoa. Nikakirudisha tena nihakikishe, na Uwesu naye akanawa akajaribu.

Njia ipo. Wewe hukuiona kwa sababu kisu chako kinapita kwa kukingama, na lazima kipite hivyo, hiyo ndiyo kazi yako. Wewe umesomea kuvikata vile vinne kwa mara moja. Dokta Theodora amesomea miaka yote asiguse hata kimoja. Nyuma wakati mwingine wanapita pia, kulingana na ugonjwa wa mtu, ila kinachokubana wewe kimekaa upande wa mbele wa ule mshipa wa fahamu, na kutoka nyuma hawakifikii bila kuugusa wenyewe. Bila shaka daktari alikuambia hivyo, lakini nadhani masikio yalikuwa yameshajaa Bundala.

Sitakudanganya, uongo umeshatosha. Operesheni ina hatari. Sauti inaweza kukwama, kama alivyokuambia, na ukiwa pale muulize waziwazi, ni wangapi sauti inawarudia, kwa muda gani. Mkono unaweza usirudi wote, mpwa wangu amesema mishipa iliyobanwa muda mrefu inarudi kwa hiari yake, kinachotafutwa kwanza ni kuzuia miguu isiondoke. Huenda usichinje tena ng'ombe mzima. Huenda ukaamka una maumivu mapya, na siku za kwanza kumeza mate tu ni kazi. Hayo yote ni kweli. Lakini ukibaki na hayo maumivu unayoyajua, hayatabaki kama unavyoyajua. Tayari yamechukua vifungo, kalamu, ndala na kisu, na yanaendelea.

Kuhusu ulimi wako na jina la Mungu, nimemuuliza sheikh wetu hapa mjini. Amesema bubu anachinja kwa kuashiria na nyama yake inaliwa, wala wanazuoni hawagombani hapo. Kwa hiyo hata ikija hiyo, hutakosa kazi. Na Issa yupo, ameshashika kisu chako mara moja, mkalishe umfundishe maneno na mkono, Puge isilale njaa kwa sababu yako.

Sasa Mwanajuma. Kesho, Issa achinje mbuzi, muombe shingo. Mkae uani, wewe na mke wako. Mkono wako wa kulia hausikii, na wa kushoto nao siuamini, kwa hiyo hutaweza kuisikia njia hata nikikuelekeza mwaka mzima. Unahitaji kidole cha mtu mwingine, na kidole hicho ni chake. Na huwezi kumwambia mwanamke aingize kidole shingoni mwa mbuzi bila kumwambia kwa nini. Basi mwambie. Anza na daktari alipojigusa koo, maliza na pilau. Atakasirika, mwache akasirike, usijitetee. Halafu mwelekeze, njia ya hewa hapa, mshipa hapa, sukuma polepole, umsikilize atakachokuambia. Yeye unamwamini kuliko mimi na kuliko daktari, na ni haki.

Baada ya hapo pigeni simu hospitali, aongee yeye, wewe na mtandao wako wa shambani ukae pembeni. Waambieni dawa zote unazotumia, na mizizi pia, na yale mafuta ya simba. Kwenye basi kaa viti vya mbele, dereva aombwe aende taratibu kwenye matuta, na shingo ifungwe kile kikola kigumu cha kuishikilia kama daktari alikupa, na kama hukukivaa hata siku moja kwa sababu ungeulizwa, kitoe ulikokificha. Na Bundala mchukueni. Ninasema kweli. Mwanajuma atakapokuwa analia pale nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, atahitaji mtu mwenye ruhusa ya kusema upuuzi. Aliyekutia hofu aje aibebe.

Majibu haya, wasomaji wangu, nilimtumia mwenyewe kwenye simu kabla ya kuyaleta gazetini, kwa sababu siku zilikuwa haziruhusu kusubiri. Juzi amenijibu, na ameniruhusu niyachape pamoja na jina la kijiji, maana anasema huko wote wameshajua. Ameandika hivi, na sijaongeza nukta:

"Bi Najiat kidole cha Mwanajuma kimefika mfupani amelia amenisema mpaka sauti yake imekauka ya kwangu bado ipo tunaondoka Jumapili na Bundala bado naogopa lakini Mwanajuma ameshika mkono wangu ule wa kulia anasema anabana kwa nguvu mimi sisikii ila namuona"